Vidonge vya Saeng La

Saeng La alichuma chai milimani tangu utotoni, na kila baada ya mlo alitafuna miang, majani ya chai yaliyovundikwa mpaka yakachacha, pamoja na chembe ya chumvi. Kijiji kizima ndivyo kinavyoishi. Mgeni asiyepewa miang hujua amefukuzwa. Saeng La alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa na mikono myepesi. Kosa lake lilikuwa moja, kuolewa na Inta.

Inta aliwahi kuwa mtawa, akavua joho akabaki na cheo: watu wakamwita Nan Inta. Hekaluni hakutoka na hekima. Alitoka na mdomo.

Miguu ya mkewe ilipoanza kufa ganzi, alimwongezea miang. "Uchovu tu huo. Tafuna, damu itembee." Ganzi ikapanda magotini. Mdogo wa Saeng La, Bua Lai, ndiye aliyempakia kwenye pikipiki hadi zahanati ya bondeni. Damu ikapimwa.

"Dada, vitamini B1 imekuishia," muuguzi akamwambia. "Bila hiyo, kimeng'enya kinachogeuza wali kuwa nguvu kinakaa bure, kama jiko lisilo na kuni. Ukali wa chai na samaki mbichi ndivyo vinavyoiharibu tumboni, na wali mweupe hauirudishi. Meza vidonge hivi kwa maji, na miang uiache kwanza."

Nyumbani Nan Inta alicheka mpaka akakohoa. "Chai iue mtu? Babu yangu alitafuna mpaka akazeeka!"

"Babu yako alikula nguruwe na maharage, shemeji," Bua Lai akamjibu. "Wewe unamlisha dada wali mweupe na samaki mbichi wa kuvunda."

"Haya, daktari wa madarasa mawili!"

"Nawe umekariri sala zote, kunyamaza ndiko hukufundishwa."

Bua Lai akarudi kwake kuvuna mpunga. Alipokuja tena, alimkuta dada yake amevimba miguu, anahema akiwa amekaa.

"Vidonge humezi?"

"Nameza, mdogo wangu. Mume wangu ananipa kwa mkono wake."

Bwana mwenyewe akaingia, kidonge kiganjani, kikombe cha chai nyeusi mkono wa pili, na donge la miang la kuondoa ladha ya dawa. "Maji ni ya kuoshea vyombo," akasema kwa majivuno. "Mgonjwa hupewa kitu chenye nguvu."

Bua Lai alikitupa kikombe uani. Wakamteremsha Saeng La mlimani, lakini moyo ulikuwa umekwisha kutanuka. Alikata roho njiani.

Msibani Nan Inta alikaa mbele akitangaza, "Vidonge vya zahanati ndivyo vilivyommaliza." Majirani wakaitikia kwa vichwa, mashavu yametuna miang, kama ng'ombe wanaokubaliana na mchinjaji.

Watawa wakasoma. Ukafika wakati wa kumimina maji chini huku majina yakitajwa, ili kumgawia thawabu marehemu na viumbe vyote, hata waliotukosea. Bua Lai alimtaja dada yake, akawataja wazazi, akayataja mpaka majoka ya mitoni. Mtawa mzee akamtazama, akingoja jina la mwisho. Maji yalikuwa bado yamo mtungini. Bua Lai akautua mtungi chini.

Miungu ya mbinguni na ya ardhini imsamehe Nan Inta ikipenda. Bua Lai hakuweza.