Aliyetoka Kwenye Banda la Kuni

Jumamosi ile mama alikuwa anatwanga mahindi uani, mimi na Salma tunapokezana naye mchi. Tulikuwa Unguja, shamba, ndani kabisa kwenye mikarafuu, ambako baba alikwenda kufanya kibarua kabla sijazaliwa. Sisi ni Wasangu wa Chimala, huko bara. Salma alikuwa binti wa jirani yetu Bwana Nassor, Mwarabu mwenye kiduka cha chumvi na mafuta ya taa. Mama yake alifariki mapema, kwa hiyo Salma alikula kwetu, alisukwa kwetu, na alipokosea alichapwa kwetu.

Akapita mzee mmoja wa bara. Salma akamwamkia wima. Mama akasimamisha mchi.

"Watoto wa pwani nyie, mnamsalimia mkubwa mmesimama kama milingoti! Piga goti, useme kamwene."

Salma akapiga goti, akasema, akacheka. Kwetu mtoto wa kike hamsalimii mwanamume mzima akiwa wima. Ni heshima tu, ingawa mjukuu wangu anayesoma Iringa ananibishia mpaka povu linamtoka.

Alfajiri ya Jumapili tulisikia risasi upande wa mjini. Baadaye redio ikatangaza kwamba serikali ya Sultani imeanguka. Baba alilia kwa furaha, na simlaumu hata leo. Miaka yote alichuma karafuu za watu, akaitwa majina ambayo siyaandiki hapa, na hakuwa na hata mti mmoja wa kufungia mbuzi. "Leo na mimi ni mtu," alisema.

Jioni Bwana Nassor alikuja kwa mlango wa nyuma, amemshika Salma mkono.

"Mama Tabu, nifichie mtoto."

Mama akamvisha Salma kaniki yake, akampaka masizi usoni na miguuni. Akamwambia, "Wewe ni wa kwetu. Akija mtu, fanya kama tunavyofanya sisi." Bwana Nassor akajificha kwenye banda la kuni.

Walikuja asubuhi. Watu wanne, wana mapanga, mmoja ana bunduki. Wakatuita wote uani.

"Na huyu?"

"Wangu," mama akasema.

Mwenye bunduki alikuwa mtu wa bara kama sisi. Akamkazia macho Salma.

Salma akapiga magoti. "Kamwene, baba."

Uso wa yule mtu ukalegea. Akageuka aondoke.

Mlango wa banda ukafunguka.

Bwana Nassor alikuwa akichungulia kwenye ufa wa mbao. Mila ile ya kwetu hakuijua. Alichoona yeye ni mwanawe amepiga magoti mbele ya mapanga.

"Niueni mimi," alisema. "Huyo mwacheni."

Wakamchukua. Baba aliwafuata akiwasihi, wakamsukuma akaanguka. Salma hawakumgusa. Bwana Nassor hatukumwona tena, na alikozikwa hatukuambiwa.

Mama hakuweza kuendelea kuishi penye ua ule. Tulirudi Chimala pamoja na Salma, akakua kama dada yangu. Kila Januari kumi na mbili, mpaka anakufa, baba alivaa shati safi akasikiliza hotuba za Mapinduzi redioni. Zikiisha, alikaa peke yake nyuma ya nyumba, na mama alituzuia tusimfuate. Furaha yake ilikuwa ya kweli, na huzuni yake pia.

Mwaka huu sikukuu ilitukuta majarubani, tunapandikiza mpunga, mimi na Salma, vikongwe wawili tusiojua kupumzika. Barabarani vijana walikuwa wamefungulia muziki. Nikamuuliza kitu ambacho miaka yote nilikiogopa: kama anaichukia siku hii.

Akachomeka miche miwili mitatu kwanza.

"Siichukii, mdogo wangu. Baba yako alistahili kuipata. Ila siku ile nilisikia mlango ukilia, nikajua ni yeye hata kabla sijageuka. Nilitaka kumwambia, baba, rudi ndani, nasalimia tu."