Verdiana na tangi lililolia kama kayamba

Saa kumi na moja jioni, jua likianza kujificha nyuma ya milima, sauti kama ya kayamba inasikika kutoka uani kwa Verdiana Optatus, mjini Kilosa. Chaka, chaka, chaka. Wapita njia wanageuza shingo, maana nyumba hii ni ya msiba na mwaka wa marehemu bado haujatimia.

Ukisogea unaona si kayamba. Verdiana, mwenye miaka 39, ambaye wengi humwita Mama Loveth kwa jina la mwanawe, amekaa kwenye kigoda na amekumbatia tangi la mafuta la pikipiki. Analilaza kushoto, analilaza kulia. Ndani yake kuna mnyororo wa baiskeli uliokatwa vipande, nati chache na maji makali ya ukwaju. Mikono yake, mpaka viwikoni, imekuwa na rangi ya matofali.

"Kutu haina haraka," anasema bila kuacha kutikisa. "Na mimi sina haraka. Mwenye haraka ni shemeji yangu."

Pikipiki ni ya mumewe, Optatus, aliyefariki kwa maradhi ya figo. Kwa miaka mingi ndiyo iliyolisha nyumba hii. Optatus alibeba abiria kati ya sokoni na stesheni ya treni, na kila Jumapili aliiegesha nje ya kanisa, akaingia kupiga kayamba kwenye kwaya.

Alipokosa nguvu za kushika usukani, Verdiana ndiye aliyemfunga mgongoni kwa kitenge na kumpeleka hospitali. Hivyo ndivyo alivyojifunza kuendesha.

"Anaumwa, lakini ananifokea huko nyuma," anakumbuka, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Ananiambia, 'Badilisha gia, Mama Loveth. Hii ni pikipiki, siyo ndoo ya maji kichwani.'"

Kutu iliingia siku ya msiba wenyewe. Giza lilipoanza, umeme ukakatika. Vijana wakaleta jenereta, lakini haikuwa na mafuta. Mmoja wao akaikumbuka pikipiki ya marehemu. Wakafungua koki chini ya tangi, wakakinga petroli yote kwenye dumu.

"Sikukasirika. Watu walikuwa wengi, giza lilikuwa nene," anasema Verdiana. "Mafuta yake ya mwisho yakawasha taa za msiba wake mwenyewe."

Hakuna aliyekumbuka kurudisha hata lita moja. Pikipiki ikaingizwa sebuleni, tangi tupu, mfuniko haujabana vizuri. Masika yakapita na unyevu wake. Siku Verdiana alipopata moyo wa kuifungua na kumulika kwa tochi ya simu, aliona magamba mekundu yamejaa ndani kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua.

Wakati huo alikuwa amerudi kwenye biashara yake ya nyanya. Huzifuata Magole, kwa wakulima, na kuziuza soko la Kilosa. Zamani Optatus ndiye aliyembebea tenga. Sasa hukodi boda, na kwa safari moja hulipa shilingi elfu kumi na tano. "Nyanya ni zangu, faida ni ya nauli," anasema.

Lakini siyo nyanya zilizomfanya aanze kazi hii. Ni kauli ya Kasian, mdogo wa marehemu, kwenye kikao cha familia. Kasian alisema pikipiki iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mara tu misa ya kumbukumbu ya mwaka itakapokwisha.

"Shemeji, sisemi kwa ubaya," alimwambia. "Kila nikiingia humu ndani namwona kaka yangu ameegeshwa sebuleni. Kitu kilichokufa kitoke."

"Haijafa," Verdiana akajibu.

"Basi iwake siku hiyo. Ikiwaka, mimi sina neno."

Wazee wakakubali. Neno likawa limekwisha kusemwa.

Verdiana alilifungua tangi, akalifunga kwenye kitenge kile kile na kupanda basi kwenda Mikumi, kwa fundi Melkizedek. Karakana yake iko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika, na yeye na Optatus walikuwa marafiki tangu ujana. Ndani ya basi, mama mmoja aliyekaa jirani alilitazama furushi lililolala mapajani.

"Mtoto mpole huyu, hata halii."

"Tumbo linamsumbua, mama," akajibu Verdiana.

Melkizedek alimulika ndani, akabonyeza kitako cha tangi kwa dole gumba, mahali baada ya mahali, akitafuta palipooza. Kisha akalinusa.

"Kutu ya juu tu. Chuma chenyewe kizima," alimwambia. "Jipya ni zaidi ya laki, na la nini? Nenda kazibe tundu la koki kwa mpira wa tyubu. Tia nati na mnyororo, tia siki, utikise. Siki ikikushinda bei, si mna ukwaju huko kwenu? Ila moto uwe mbali. Tangi linaonekana tupu, kumbe hewa yake ni petroli."

Kabureta, ambayo Verdiana alikuwa ameileta pamoja na tangi, aliiosha yeye mwenyewe, bure.

Verdiana alirudi Kilosa na kuanza. Alichemsha ukwaju, akauchuja, akauacha upoe, ndipo akaumimina. Alitikisa asubuhi kabla ya soko na jioni baada ya soko. Maji yalitoka meusi kama kahawa. Mwishoni aliosha kwa maji ya magadi ili kuua ukali, akasuuza, akamulika tena. Chuma kiling'aa.

Akalifudikiza juu ya kichanja cha vyombo, juani, akaenda zake sokoni akiimba.

Aliporudi jioni, ndani ya tangi kulikuwa na vumbi la njano, kama mtu amemwagia bizari. Kutu ilikuwa imerudi. Alimpigia Melkizedek simu.

"Ulilikaushaje?"

"Juani. Kama sufuria."

"Na mafuta uliyatia saa ngapi?"

"Sijatia. Nilitaka likauke vizuri kwanza."

"Mama Loveth, sufuria unayoijua wewe haipati kutu. Chuma kilichotolewa kutu ni kama mtoto aliyetoka kuoga. Unamfuta, unampaka mafuta hapo hapo. Ukimwacha, anapauka."

Misa ilikuwa imekaribia. Verdiana anasema alikaa kwenye kigoda akalitazama lile tangi mpaka kuku wakaingia bandani. Kisha akainuka kwenda kutafuta ukwaju mwingine.

Ndiyo maana jioni hii anatikisa tena. Na ndiyo maana lango la ua linasukumwa kwa fimbo, anaingia Bibi Sesilia, mama mzazi wa Optatus, anayeishi nyumba ya pili. Mumewe marehemu alikuja Kilosa kukata mkonge, naye mwenyewe aliimba kwaya mpaka magoti yalipomkataza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Bibi hasogei. "Nimesimama kwangu nasikia kayamba. Kwa mwanangu kuna ngoma, na mwaka wake haujafika?"

Verdiana anamwonyesha tangi. Bibi anaweka fimbo chini, anaweka kiganja juu ya chuma, pale goti la Optatus liliposugua rangi mpaka ikaisha.

"Tikisa nione," anasema hatimaye.

Verdiana anatikisa.

"Wewe unapepeta mchele. Kayamba hailazwi hivyo. Unailaza mpaka mbegu zote zimekwenda upande mmoja, unangoja kidogo, ndipo unairudisha. Nani alimfundisha mume wako? Lete hapa."

Bibi analipokea mapajani. Chaka. Kimya kifupi. Chaka. Mnyororo unasikika ukiteleza kitako chote cha tangi, hadi kwenye pembe ambazo mikono ya Verdiana haikuzifikia. Wanapokezana hivyo mpaka adhana ya magharibi. Hakuna anayetaja jina la marehemu.

Safari hii, baada ya magadi na kusuuza, Verdiana halipeleki juani. Analikimbiza kwa fundi pancha wa mtaa wa pili, linapulizwa kwa upepo wa kompresa mpaka tone la mwisho, na hapo hapo anamimina petroli iliyochanganywa na oili kidogo, akilizungusha hadi kila kona ilowe.

Siku ya misa inafika. Baada ya wali kuliwa, Kasian anaingia uani akiwa amefuatana na mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Pikipiki imeshatolewa nje, tangi, koki na kabureta vikiwa vimefungwa tena mahali pake. Verdiana anaongeza petroli, anapandisha sketi yake kidogo, anapiga kiki.

Kimya.

Anapiga tena. Na tena. Kiki inarudi bila chochote.

"Ongea nayo, Mama Loveth," kijana mmoja anatania. "Labda imekununia."

Mnunuzi anaanza kufungua kamba za mkokoteni. Verdiana anapiga kiki mpaka kiatu kinamvuka mguuni. Anakivaa, anapiga tena.

Kasian amesimama mikono kifuani, anatazama. Kisha uso wake unabadilika, kama mtu aliyekumbuka jambo la zamani. Huyu ndiye aliyekuwa akiiosha pikipiki ya kaka yake kila Jumamosi.

"Shemeji," anasema kwa sauti ndogo. "Koki umefungua?"

Verdiana anainama. Koki imefungwa. Kasian anapiga goti mavumbini, anaigeuza kwa mkono wake mwenyewe, anangoja mafuta yashuke. "Piga sasa."

Inakohoa mara moja, inatoa moshi wa buluu, inawaka.

"Basi nipeni hata sufuria, nisirudi mikono mitupu," mnunuzi analalamika, na watu wanacheka. Kasian hacheki. Amegeukia ukutani, anafuta macho kwa mkono wa shati. Alisema ikiwaka hana neno, na kweli hana.

Verdiana anasema wiki ijayo ataanza kuzifuata nyanya Magole mwenyewe, na akishazoea mzigo ataongeza vitunguu. Lakini safari ya kwanza si ya biashara. Optatus alizikwa Mikumi, kwenye kiwanja cha baba yake, mbali na stendi, na Bibi Sesilia hajafika kaburini tangu siku ile kwa sababu ya magoti.

"Nitakaa nyuma," Bibi anatangaza.

"Mama, barabara ni mbovu," anasema Kasian.

"Naijua kabla hujazaliwa. Verdiana, kile kitenge kiko wapi? Utanifunga."

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, Verdiana haiingizi pikipiki sebuleni moja kwa moja. Anaipeleka kwanza kituo cha mafuta na kumwambia muuzaji ajaze mpaka shingoni, ingawa safari ni ya Jumamosi.

"Mimi na tangi hili tumeelewana," anasema akibana mfuniko kwa mikono miwili. "Halitalala tupu tena."