Walisherehekea wanawake mainjinia kwa kichwa cha bomba letu, sisi kijijini Petta tunachota maji kinamasini

Wakuu, hamjambo. Mimi niliishia P4, darasa la nne, herufi zikipinda mnivumilie. Ila hii ni kweli tupu na majina nataja.

Alhamisi asubuhi, pale kisimani, mbele ya wanawake na mitungi mitupu, Mzee Ouma mwenyekiti wa kamati ya maji alininyang'anya spana zangu.

Akasema, "Fundi gani anauza kichwa cha bomba kama chuma chakavu?"

Hakuna aliyenitetea. Wengine nimewatengenezea maji tangu wakiwa wasichana.

Sasa nirudi nyuma.

Mimi hutengeneza bomba za visima, zile za kupampu kwa mkono. Paipu iliwahi kuniponyoka ikakula vidole viwili. Nikaendelea na vile vinane. Hakuna aliyeniita injinia, nilikuwa tu Mama Apio wa spana.

Mwezi uliopita akaja Injinia Doreen, viatu vyeupe kwenye tope letu. Eti kuna sherehe hotelini Busia, upande wa Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu, ya "network", kuunganisha wanawake mainjinia wa nchi mbili. Anataka kitu cha kuonyesha "kazi ya mwanamke." Akaomba kichwa cha bomba letu, ile sehemu ya juu yenye mpini wa kupampu, siku moja tu.

Mzee Ouma akaweka sahihi ya kukiazimisha. Mimi nikafungua bolti. Nilifurahi jamani, hata gomesi, gauni langu la sherehe, nikapiga pasi.

Kule kichwa kimefungwa riboni ya zambarau, juu ya meza, katikati ya maua. Wadada wana helmeti mpya, moja bado iko na nailoni yake. Selfie juu ya selfie. Mmoja akapampu. Ikatoka hewa. Wakapiga makofi.

Kadi yangu shingoni imeandikwa "Mama wa kijiji." Nikakaa nyuma karibu na sufuria za pilau, Doreen akieleza kwa mic vile bomba linafanya kazi. Ule mpira wa chini kabisa, unaopandisha maji, hakuutaja. Sijui kama amewahi kuuona.

Mmoja tu alikuja kwangu, Nafula, anachomelea mageti Busia. "Aunty, vidole vilienda wapi?" Tukaongea mpaka pilau ikapoa. Huyo ndiye network yangu yote.

Kurudi, Doreen akasema gari limejaa zawadi, kichwa kitafuata kesho.

Ni wiki ya tatu. Simu yake inaita tu. Mzee Ouma naye amesahau sahihi yake, anaambia watu niliuza.

Jana Nafula alinitumia picha. Kichwa kiko stoo ya hoteli, bado na riboni. Meneja hakitoi mpaka Doreen aje mwenyewe. Picha nimeweka hapo chini.

Nilichojifunza: ukiitwa kusherehekewa, nenda na mikono yako tu, bomba liache kijijini.

Mafundi wa humu, semeni, mngefanyaje?

Mzee Ouma, rudisha spana zangu mbele ya wanawake walewale.

Na wewe Doreen, najua unasoma humu. Lete kichwa, usimame kisimani uwaambie nani alikichukua. Njoo na vile viatu vyeupe.