Amplifaya ya Kilonzo

Mwaka wa 1974, soko zima la Kikima lilimwamini Jonah Mulei kwa vyombo vya umeme. Redio iliyoletwa kwake ikiwa imekufa ilirudi nyumbani ikisoma habari. Alikuwa pia mzee wa kanisa.

Mwezi wa Julai, Kilonzo, mpiga gita wa Kanyangi, alimletea amplifaya iliyokuwa ikinguruma. Mulei aliitengeneza, akaijaribu, akaifunga kwa gunia na kamba za katani, akaipandisha juu ya basi. Ilibadilishwa basi Machakos, ikabadilishwa tena Kitui. Ilipofika Kanyangi ilikuwa bubu.

Kilonzo aliirudisha na barua. Taniboi Kiilu, aliyeishusha kutoka kwenye keria, ameiangusha na anakana. Wenye basi wamemfukuza kazi. Jumamosi kithitu kitaletwa, naye ataapa mbele ya watu.

Ukambani, hata watu wanaomcheka polisi hawakicheki kithitu, kile chombo cha kuapia. Wanasema kiapo hicho kikishatamkwa humtafuta chenyewe mwenye kosa, na mara nyingi huanza na watoto wake.

Mulei alifungua kasha. Transfoma, chuma kizito kama jiwe la kusagia, ilikuwa imelalia valvu, zile taa ndogo za kioo, na kuzisaga. Akachunguza bolti zake nne. Hazikukatika wala kupinda. Nati ndizo hazikuwepo. Alizifungua yeye mwenyewe wakati wa kutengeneza, akaziweka kwenye kifuniko cha mkebe, akasahau kuzirudisha. Zilikuwa bado mezani.

Ijumaa asubuhi mchungaji alipita dukani.

"Nasikia hutaenda kwa wale wa kithitu, ndugu Mulei. Simama imara."

"Siendi, mchungaji."

Sijapata kuona uoga uliovalishwa suti ya Jumapili vizuri namna hiyo. Sisi tuliopita chuoni hupenda kubishana kama kithitu kina nguvu. Tungeuliza kwanza kwa nini anayeapishwa ni mbeba mizigo, wakati fundi mwenye jina zuri haulizwi hata swali moja.

Jioni hiyo mkewe, Ndinda, alimtazama akizungusha ugali kwenye sahani.

"Baba Mbula, hujala tangu jana."

"Sina njaa."

"Ni ile amplifaya?"

Akaisukuma sahani kando. "Ni mimi niliyeiharibu. Sikukaza nati."

Ndinda aliwatazama watoto waliolala, kisha akamgeukia mumewe. "Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi usinifanye wa pili kunyamaza. Nenda."

Alfajiri ya Jumamosi Mulei alipanda basi la kwanza. Lile alilobadilishia Machakos lilipasuka gurudumu kabla ya Kitui, na abiria wakakaa kivulini saa tatu nzima. Mulei peke yake alisimama juani, akimwangalia dereva kama anayeangalia mgonjwa.

Alifika Kanyangi jua likielekea magharibi. Watu walikuwa bado wamekaa mduara uwanjani. Kilonzo alimwona akatabasamu.

"Fundi! Umekuja kutuombea? Umechelewa, tumeshamaliza dhambi zetu."

"Kiilu ameapa?"

"Ameapa asubuhi. Nami nikaapa kwamba aliyeiharibu, hata awe nani, asione mavuno mawili."

Mulei alivua kofia. Akawaeleza habari ya nati, polepole, bila kuacha kitu. Waliokuwa karibu naye walisogeza vigoda vyao nyuma, kisha wakavisogeza nyuma zaidi. Kilonzo hakutabasamu tena.

"Ungekuja jana, mzee," Kiilu alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mwenye kithitu, aliyekuwa akikifungia ndani ya ngozi, alisimamisha mikono. Hakuuliza lolote kuhusu nati.

"Una watoto wangapi?"

"Watatu."

Akawageukia wenzake. "Watatu," akawaambia, kisha akaendelea kufunga.