Siku Niliyosema Nimejifunza

Siku hiyo siisahau, mwanangu, hata nikitaka, na Mungu anajua nimetaka.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimerudi kijijini kutoka Lodwar, ambako tulifunzwa wiki mbili kutengeneza pampu za mkono, zile za kisima kirefu. Aliyetufundisha ni Fundi Ekal, mzee mkali asiyependa utani. Siku ya kufundishwa kung'oa mabomba kisimani mimi sikuwepo. Nilikuwa Kakuma natazama mpira. Cheti nilipewa vilevile, nikatembea nacho kijiji kizima.

Kiangazi kikawa kikali, pampu yetu ikaanza kutoa matone. Wazee wakasema tumngoje Fundi Ekal, yuko Katilu, atafika baada ya siku nne. Nikacheka. Wamngoje wa nini na mimi nipo?

Mama akaniuliza mbele ya watu, "Lokwawi, hii kazi umejifunza, ama umeonyeshwa tu?"

"Nimejifunza, mama."

Laiti ningekuwa bubu! Dada yangu Akai akanipigia vigelegele, masikini.

Kuitengeneza ilibidi kwanza tuyang'oe mabomba, moja moja, na kuna chuma cha kuyabana yasirudi chini yanapovutwa. Nilijua kipo, jinsi ya kukikaza sikujua. Bomba la tatu lilipofika juu nikalifungua, na yote yaliyobaki yakachomoka, yakadondoka kisimani. Fundi Ekal alipokuja alihangaika nayo siku mbili, kisha akakusanya vyombo vyake.

"Hiki kisima kimekufa," akasema. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Wanawake wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, mashimo marefu kuliko mtu. Asubuhi moja shimo lilimwangukia Akai akiwa ndani. Tulifukua kwa mikono. Tulipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alinipikia, akanisalimia "ejok" kila asubuhi, lakini hakuwahi kuniuliza tena kama najua kitu chochote.

Sasa nyinyi mnashuka kwenye basi la Kakuma na vyeti vya semina, vya kuchomelea, vya kompyuta, vya umeme wa jua, mnaniambia mmejifunza. Haya. Umeikosea hiyo kazi mara ngapi mwalimu akikutazama? Umeirudia mara ngapi peke yako mpaka ikakubali? Kama huna jibu, sema umeonyeshwa. Si matusi hayo. Kujifunza ni mpaka mikono ijue pa kushika bila kuuliza, na siku hiyo ikifika watu watakwambia wenyewe, hutahitaji kujitangaza. Na wenye kiu wakikuuliza, waambie, "Sijui, tumngoje fundi," wakucheke, uende zako nyumbani.

Mungu akupe mwalimu mkali, mwanangu, na moyo wa kukaa naye mpaka siku ya mwisho. Akuepushe kumzika umpendaye kwa sababu ya neno lako moja.