Redio na Injini ya Makopo

Jina la Redio alilipatia chamani, na wala hakupewa kwa ubaya. Ni kwamba ukimbonyeza kwa swali moja dogo, umewasha, na kitufe cha kuzimia hakipo. Siku za kazi dada huyu alikuwa fundi wa kuchomelea, akitengeneza mageti na madirisha ya chuma uani kwake, miwani nyeusi usoni, cheche zikimrukia miguuni. Jumamosi alifunga kazi mapema akaenda kwenye stoo moja nyuma ya duka la matairi, ambako yeye na wenzake wa chama walitengeneza vimashine. Vimashine vya nini? Vya raha tu! Injini zinazoenea kiganjani, saa inayokwenda kwa matone ya maji, mkono wa bati unaokoroga chai. Ukiwauliza vina faida gani, wanakutazama kama umewatukania mama zao.

Kasheshe ilikuwa akija mgeni anayetaka kujifunza. Watu husema penye wengi hapaharibiki neno. Aliyesema hivyo hakuwahi kuuliza swali kwenye chama cha wapenda mashine. Mgeni anauliza, "Kopo hili nilitoboe na nini?" Mmoja anasema msumari, wa pili anasema drili, wa tatu anasema kwanza ujue aina za bati, wa nne anamgombeza wa pili. Mgeni anaondoka na kichwa kizito na kopo lake zima, ndiyo kwaheri. Waliwapoteza wengi hivyo, mpaka Mwenyekiti akaweka sheria. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mfupi, muuza mitumba, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka mtaa wa pili. Akasema anayeanza atafungwa kitambaa chekundu mkononi na kupewa mlezi mmoja. Kitambaa kikiwepo, wengine wote kimya, na mlezi mwenyewe atamwambia jambo moja tu. Akishalifanya, arudi aambiwe la pili.

Sheria ile ilifanya kazi. Wageni walianza kubaki. Lakini Redio hakupewa mtu wa kumlea hata siku moja. "Wewe?" Mwenyekiti alimwambia. "Wewe utamuua mtu kwa maelezo." Watu wakacheka, naye Redio akacheka kuwashinda wote.

Sasa, Redio alikuwa na kaka yake, wa tumbo moja, kinyozi. Nasema kinyozi, si mtu mwenye mashine ya kunyolea. Watu walimsubiri yeye na huku kiti cha pili kiko wazi. Mkewe ndiye aliyekuwa akikaa mlangoni pa kinyozi, akiwachokoza wateja, akimwambia huyu kichwa chake kama kiazi na yule amezeeka bila kumwarifu mtu. Kisha mke akaugua, ugonjwa wa haraka, akafa. Hawakuwa na mtoto. Baada ya mazishi Redio alimchukua kaka yake na begi lake moja, akampa chumba cha mbele chenye dirisha kubwa.

Kaka akapanda kitandani, akageukia ukuta. Hakugeuka tena. Ndevu zikamwota ovyo, yeye aliyenyoa mtaa mzima. Chakula alikigusagusa, kikapoa, kikarudi jikoni. Zahanati walimpa vidonge, wakasema asiachwe peke yake na arudishwe kila akiitwa. Vidonge akavimeza bila kuuliza ni vya nini.

"Kaka, inuka basi, ukae hata mlangoni upate hewa."

"Niache, mdogo wangu."

Siku moja, Redio akimbadilishia shuka, kaka yake akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi: "Nikilala nisiamke, msilie sana. Mtakuwa mmenipumzisha."

Redio alitoka na lile shuka mpaka karoni, akaanza kulisugua kwa nguvu zake zote. Alisugua wee, ndipo akagundua hajafungua bomba.

Tangu siku hiyo hakumwacha peke yake. Meza yake ya vimashine aliihamishia chumba kile cha mbele, ili kazi ikipungua uani akae humo, macho kwenye kazi na sikio kwenye pumzi za kaka. Na alasiri moja akawasha injini yake ndogo, ya makopo mawili na mshumaa. Pengine umeiona mahali. Mshumaa unapasha hewa ndani ya kopo, hewa inatanuka, inasukuma kipande cha puto kilichofungwa juu, waya unapanda na kushuka, gurudumu linazunguka. Gurudumu likaanza, tik tik tik tik. Kitandani kukachakarika. Kaka aligeuka! Akaitazama ile injini, kisha akasema, "Hicho kinazungushwa na nini?"

Jamani. Swali! Mtu aliyekuwa hata saa haulizi!

Angejibu "hewa moto" akanyamaza, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini Redio alikuwa amewashwa. Alianza na hewa, akaenda kwenye joto, akatoka kwenye joto akaingia kwenye aina za puto, akamletea injini nyingine tatu kutoka kabatini na kuzipanga kitandani juu ya miguu yake, akamchorea, akafuta, akachora upya, akamweleza kosa alilofanya fundi fulani wa chamani na kwa nini kopo la maziwa si kama kopo la rangi. Aliongea kwa furaha, maskini, machozi yakimlenga. Alipoinua kichwa, kaka yake alikuwa amejifunika shuka gubigubi na uso umeshaurudia ukuta.

"Kaka?"

"Mimi siviwezi hivyo," sauti ikatoka chini ya shuka. "Hata hicho kidogo nacho sikiwezi."

Mdomo huponza kichwa, lakini huu ulimponza mtu mwingine. Kesho yake kaka hakugusa hata chai. Keshokutwa vilevile. Kisha jirani, mshona viatu, akamsimamisha Redio getini, anakuna kisogo. "Dada, samahani. Kaka yako kaniita dirishani, kanipa mikasi yake yote na ile mashine. Kasema yeye hataihitaji. Nikaona nikwambie."

Alikimbia ndani na glavu za kuchomelea mkononi, akamkuta amelala, anapumua. Alikusanya visu, kamba, wembe, na vile vidonge, akavifungia kwenye sanduku lake la chuma, ufunguo akautia kifuani. Halafu akakaa sakafuni nje ya mlango, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kusema.

Zahanati walimwona tena siku hiyohiyo, wakaongeza dawa, wakamsisitizia dada mtu yaleyale. Jumamosi ilipofika alimwomba mshona viatu alete viatu vyake ashonee chumbani kwa kaka, naye akakimbilia chamani. Hakwenda kutengeneza kitu. Alisimama katikati ya stoo akasema, "Kaka yangu anakufa, na mimi nimemsukuma," akaangua kilio.

Ala! Kila mtu akajua dawa. Mtoe matembezi. Usimtoe, atachoka. Mtafutie mke. Wee, mke wa nini sasa hivi! Mpe injini ya mvuke, ni rahisi. Ya mvuke itamlipukia, mpe ya sumaku. Muombee. Mfokee, wanaume wengine hutaka kufokewa. Redio alizungusha kichwa kumfuata kila msemaji. Alitaka kuziba masikio akimbie.

"Nyamazeni!" Mwenyekiti alipiga nyundo kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu. "Hamuoni? Huyu ndiye mgeni wetu leo." Akachana kitambaa chekundu, akamfunga Redio kwenye kifundo cha mkono, akakaza. "Mlezi wako ni mimi. Mwingine akikwambia kitu, ziba masikio. Sasa sikiliza. Chukua kopo moja tupu, ukaliweke karibu na mto wake. Usiseme kitu."

"Halafu?"

"Halafu ukishafanya hivyo, uje."

"Lakini kama ataniuliza—"

"Kopo. Karibu na mto. Nenda."

Redio aliona amedhihakiwa. Mtu anakufa, anapewa kopo! Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Akaliweka.

Kaka hakulitazama. Siku nzima kopo na mto, mto na kopo. Redio alijing'ata ulimi, akatoka kwenda kuchomelea, akachoma pembe ya dirisha la mteja ikatoboka. Asubuhi akamwachia mshona viatu zamu ya kukaa na kaka, akaenda kwenye meza ya mitumba. Mwenyekiti, huku akikunjua blauzi, akamwambia: "Liache hapohapo. Akiuliza, mjibu kwa maneno ambayo yataisha kabla hajapepesa macho."

Alikuja kuuliza baada ya Redio kukata tamaa kabisa, akiwa anafagia chini ya kitanda.

"Hili kopo la nini?"

"La injini."

Maneno mengine yalimjaa kooni. Aliyameza, akaendelea kufagia palepale palipokwisha kufagiliwa.

"Linafanywaje?"

"Linatobolewa katikati, hapo juu." Akaweka msumari na nyundo ndogo kitandani, akatoka nje, akajishika mdomo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kutapika.

Kisha ikasikika: ko. Ko. Ko.

Aliporudi ndani tundu lilikuwa pembeni, limekwenda upande kabisa. Lo, aliteseka! Alitaka kumpokonya kopo. Kaka akaliinua mbele ya macho yake, akasema mwenyewe, "Limekwenda kombo," akadai kopo lingine. Hiyo ndiyo ilikuwa siku alipokunywa chai kikombe kizima.

Usidhani alipona hapo. Kulikuwa na siku waya ulimkatikia akalala na uso ukutani mpaka jioni, na Redio akapiga simu zahanati kwa sauti ya kunong'ona. Kulikuwa na siku aliyosema afadhali angezikwa na mkewe. Kila asubuhi, mshona viatu akishaingia kukaa na kaka, Redio alikwenda kwenye mitumba na kitambaa chake mkononi, akaambiwa jambo moja, akarudi nalo kama mtu aliyebeba yai. Leo mwonyeshe jinsi ya kukunja waya. Leo mpe puto. Leo usimpe kitu. Yeye aliyejua yote hayo usingizini!

Mpaka alasiri moja injini ikawa nzima mezani. Imepinda, ina gundi kila mahali, lakini nzima. Kaka alikuwa ameketi, miguu chini, mgongo umekunjika, vidole vyake vya kinyozi vimejaa makovu ya bati. Mshumaa ukawashwa. Wakangoja. Kaka akalisukuma gurudumu kwa kidole. Likaenda nusu duara, likasimama. Akasukuma tena. Likasimama.

Redio alishaona. Puto linavuja ukingoni. Waya wa ndani unakwaruza kopo. Na vifundo viwili vya ekseli, ule waya unaobeba gurudumu, vimekaa vibaya, kimoja hakimpi mwenzake nafasi. Makosa matatu, na angeweza kuyarekebisha yote kabla chai haijapoa.

Kaka alikuwa haitazami tena injini. "Unaona?" alisema polepole. "Imekufa kama mimi." Akaanza kuinua mguu mmoja kuurudisha kitandani.

Hapo Redio alishikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua, hata siku ya mazishi. Akilala sasa, ndiyo basi, haamki tena. Alijua hivyo kama anavyojua chuma kikishaiva. Na Mwenyekiti hayupo wa kumuuliza! Amwambie yote? Yote ndiyo yaliyomfunika shuka. Asimwambie? Anakwenda, anakwenda mbele ya macho yake. Maneno yalimpanda, yote kwa pamoja, mdomo ukafunguka, na kwa jasho akaliruhusu moja tu lipite.

"Puto linavuja."

Mguu ukasimama hewani. Kaka akainama, akatia sikio karibu na puto, akasikiliza. Akaushusha mguu chini. Akachukua uzi, akaanza kuzungushia ukingo, taratibu, kama alivyokuwa akiwafunga watu vitambaa shingoni. Akakaza kwa meno. Mshumaa ukawashwa tena. Kidole kikasukuma. Gurudumu likazunguka mara moja, likazunguka ya pili, likatetemeka, likasimama.

Redio hakuthubutu hata kumtazama usoni. Akaona hapana, hapa atalala, ngoja nimpe la pili, potelea mbali sheria. "Kaka, huo waya wa nd—"

Kiganja cha kaka yake kikainuka mbele ya uso wake.

"Nyamaza, mdogo wangu." Hakuyatoa macho kwenye injini. Aliipuliza, akaigeuza upande huu, upande ule, nyusi zimekutana. "Usiniambie. Ni kitu kinakwaruza huko ndani. Sasa hivi giza linaingia, sioni vizuri. Hii iache hapahapa, mtu asiiguse. Nitaitazama kesho."

Redio alitoka uani taratibu, asije akafanya kelele. Akakaa juu ya geti la mteja lililolazwa chini, limekatwa nusu, akauma kile kitambaa chekundu ili asisikike, akalia mpaka mbavu zikamuuma. Kesho. Kaka yake amesema kesho.