Rangi ya Mwalimu

Siku yangu ya kwanza gerejini, miaka ya sitini, fomeni alinivua mshipi kabla hajanipa kazi. "Hiyo chuma ya mshipi itakwaruza mlango ya mtu," akasema. Nilikuwa nimetoka Kakamega na suruali ya kaka yangu. Nikashinda kutwa nzima nimeishika kwa mkono mmoja, ninaosha magari kwa mwingine.

Gereji ilikuwa katikati ya mji. Fomeni alikuwa Mkamba mpole asiyependa kabisa bunduki ya rangi. Nyinyi vijana, gari likipauka kidogo mnakimbilia kulipiga rangi upya. Sisi tuliliosha, tukalipapasa kwa kiganja, tukalisugua kwa kompaundi, dawa nzito yenye chengachenga inayokula rangi iliyochakaa, kisha tukapaka nta.

"Rangi ikipauka haijakufa," fomeni alizoea kusema. "Ni ngozi ya juu imezeeka. Ukinyunyiza ingine, umezika mtu bado anapumua."

Baadaye nilihamishiwa tawi la Ngong Road, karibu na Jamhuri, nikawa msimamizi wa kung'arisha. Huko alikuja mjane wa mwalimu mmoja pamoja na shemeji yake. Gari la marehemu, la kijani, lilikuwa limepauka kama jivu. Shemeji alitaka lipigwe rangi nyekundu.

"Hapana," mama akasema. "Mimi nataka hii ya mwalimu. Ndiyo watoto wanajua ni ya baba yao."

Meneja aliegemea upande wa shemeji. Nikamwambia rangi ile bado inaweza kuokolewa.

"Ukishindwa, unarudi kuosha magari," akanijibu.

Nilisugua siku tatu kwa mkono. Kingo nilizifunika kwa utepe, maana rangi ya pale ni nyembamba, na ukizidisha unafikia praima, rangi ya msingi iliyo chini. Chini ya dirisha la dereva palikuwa pamechakaa kuliko pengine pote. Pale pekee palinilia nusu siku, lakini pakang'aa. Nilivimba kichwa, sifichi.

Mama alipokuja, hata shemeji alisifu. Mama alilizunguka gari akitabasamu mpaka mlango wa dereva. Akapapasa chini ya dirisha.

"Fundi, hapa palikuwa na alama."

"Nimeitoa, mama. Ilikuwa imeharibu mlango."

"Ilikuwa ya kiwiko chake. Akiendesha, mkono ulikuwa unakaa hapa."

Hakunigombeza. Alinishukuru, akaondoka. Meneja akanipa mkono mbele ya wenzangu, nami nikaona aibu tupu.

Sasa nimestaafu, niko Mutuini. Majuto ni mjukuu, na mimi nimejaliwa vyote viwili. Nimewahi kuunguza rangi, kuichuruza, hata kukosea aina ya bluu kwenye gari la padri. Hayo yote nilirudia, yakatengenezeka. Gari la mwalimu ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na ndiyo pekee ninayotamani ningeifanya vibaya.